Mkoba wa Kilo Tano

Kipimo hakikuwa na adabu, lakini hakikuwahi kusema uongo, na kwa Nakijwa hilo lilitosha. Kilikuwa kisanduku cha kijivu kilichotundikwa ukutani katika kibanda cha geti la msitu wa Shengena, chini yake sinia ya kupimia uzito, na spika yake ilikwaruza kama mtu mwenye mafua. Kila asubuhi kiliuliza swali lile lile, hata kama anayeulizwa ni mkuu wa mkoa na ujumbe wake:

"Una nini?"

Hapo unaweka kitu chako kwenye sinia na kukitaja. Nina kisu. Nina kiberiti. Nina maji lita moja. Kifuani umefungwa mkanda, na ndani ya pumzi kumi na mbili mkanda umeshajua moyo wako, mafuta yako, na ile nimonia uliyougua utotoni ukaisahau. Kipimo kinachanganya mwili wako na vitu vyako, kisha kinakutajia saa za uhai, yaani muda utakaodumu ukipotea humo ndani bila mtu kukufikia. Sheria ilitaka saa ishirini na nne. Zikipungua, geti halifunguki. Na mkoba usizidi kilo tano, kwa sababu mzigo mzito humchosha mbebaji kuliko unavyomsaidia.

Saa ishirini na nne zilitokana na ukungu. Miaka thelathini na minne iliyopita walitandaza nyavu kileleni, nyavu za nyuzi za chuma nyembamba kuliko unywele, zikashika mawingu na kuyakamua hadi ndiva, mabwawa ya kumwagilia mashamba ya bondeni, zote zikajaa tena. Watu wa Upare wakapata maji, na msitu ukapata ukungu ambao haujapata kuonekana. Nyuzi zile zilimeza mawasiliano ya simu, na ndege za kutafutia watu hazikuona kitu. Ukipotea, utatafutwa kwa miguu, na miguu huchukua siku nzima.

Kasoro ya Kipimo ilikuwa moja. Waliokifundisha Kiswahili walikifundisha kwamba neno "nina" hufuatwa na kitu. Basi mtu akipiga miayo na kusema "nina usingizi," kinauliza gramu ngapi. Ndiyo maana waliweka mpakiaji, mtu wa kukisaidia kufungasha na kukisaidia kufikiri. Neno lisilo kwenye orodha likitajwa, Kipimo kinamgeukia: "Mpakiaji, kinabebeka?" Naye anabonyeza ndiyo au hapana. Nakijwa alikuwa amebonyeza hapana kwa njaa, kwa mafua, kwa shida, kwa wageni nyumbani, na siku moja kwa mimba, ingawa kwa hiyo alisita kidogo.

Swali moja tu hakuwahi kulijibu.

*

Shangazi Namsemba alifika saa moja na nusu asubuhi, miaka sitini na tisa, magoti mawili mabovu na mdomo mzima kabisa. Nyuma yake alikuja Senkondo, kijana wa bustani ya miche, amebeba mikoba yote miwili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nifunge huo mkanda, tusichelewe. Mkulo umeanza kuangusha mbegu."

Nakijwa alijua mkulo gani. Mti huo ulikuwa mmoja tu uliobaki wenye umri wa kuzaa, bondeni nyuma ya kilele, na ulizaa mara moja katika miaka kumi au zaidi. Mbegu zake hazikai. Siku nne, tano, zimeoza. Na katika mia moja, tisini zina funza. Namsemba ndiye aliyeweza kuigonga mbegu kwa ukucha, akaisikiliza, na kukwambia hii hai, hii maiti. Senkondo alikuwa amejifunza mwaka mzima kwa mbegu za miti mingine na bado alipanda maiti nyingi.

Haya yalikuwa na uzito kuliko mti mmoja. Nyavu za kileleni zilitengenezwa zidumu miaka arobaini. Zikichakaa, mikulo ndiyo itakayopokea kazi ya kushika mawingu, na mikulo michanga ilikuwa haijatosha hata theluthi. Mwakani mti ule ungekuwa umenyamaza tena. Mbegu za mwaka huu zikikosekana, ndiva zingekauka wakati watoto wanaozaliwa sasa wangali shuleni.

"Una nini?" kikauliza Kipimo.

Namsemba alianza kupanga vitu kwenye sinia kama anayepanga bidhaa gulioni. Koti la mvua. Blanketi la karatasi ya kung'aa. Kiberiti kwenye mfuko wa plastiki. Chupa, na vidonge vya kusafishia maji. Bendeji. Kisu. Kamba mita kumi. Filimbi. Kopo la makande yaliyopoa. Kanga moja kuukuu. Kibati kidogo cha chai.

"Filimbi, saa sifuri," Kipimo kilisoma. "Kamba, sifuri. Kanga, nusu saa. Makande, saa tano. Chai, sifuri."

"Chai sifuri!" Namsemba alikitazama kama anayetazama mkwe asiyejua kusalimia. "Huyu kalelewa na nani?"

"Jumla, saa kumi na saba. Hairuhusiwi."

Nakijwa alikuwa ameitegemea jumla hiyo, na bado ilimuuma. Alitoa kamba na filimbi, akaongeza blanketi la pili. Kumi na nane. Akatoa kisu, akaongeza sukari. Kumi na nane na robo. Akarudisha vyote kama vilivyokuwa. Hakukuwa na mpangilio wa kilo tano ambao ungempa bibi yule moyo mwingine.

"Senkondo ana ngapi?" Namsemba aliuliza.

"Thelathini na nane, bibi," alijibu Senkondo, akiona haya kidogo kwa afya yake.

"Basi aende peke yake," Nakijwa alisema. "Alete anachopata."

"Ataleta funza." Namsemba alimgeukia mpwa wake. "Nakijwa, hebu niambie ukweli. Hutaki nife, au hutaki kuulizwa nikifa?"

Wote wawili walikijua kilichokuwa kikiulizwa. Miaka minane iliyopita, mdogo wake Mbazi alisimama pale pale aliposimama shangazi. Wavu ulikuwa umechanika juu na yeye ndiye fundi. Kipimo kilimpa saa ishirini na mbili. "Nina haraka, dada," Mbazi alisema, "niache nipite." Kipimo kikauliza: "Haraka. Mpakiaji, kinabebeka?" Walicheka wote wawili hadi machozi. Nakijwa hakubonyeza chochote, alifungua geti kwa mkono. Wavu ulikutwa umeshonwa vizuri. Mbazi hakukutwa. Tangu siku hiyo Nakijwa hakumsamehe mtu hata dakika, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ndani ya msitu tena.

"Una nini?" Kipimo kikarudia, kwa sababu kilirudia kila baada ya dakika tano.

"Nina Senkondo!" Namsemba alifoka. "Hunioni niko naye?"

Spika ikakwaruza. "Senkondo. Hakimo kwenye orodha. Mpakiaji, kinabebeka?"

Kidole cha Nakijwa kilikuwa tayari kwenye hapana, kwa mazoea. Kikaganda hapo. Alimtazama shangazi, akamtazama Senkondo na ile mikoba miwili begani. Nina Senkondo. Lilikuwa Kiswahili safi kabisa, na lilikuwa kweli. Kuwa na kisu na kuwa na mtu, lugha imevisema kwa neno moja tangu zamani. Kipimo peke yake ndicho kilichodhani ni ajabu.

Akabonyeza ndiyo.

"Weka kwenye sinia."

Senkondo alipanda na buti zake. "Kilo sabini na moja," kikasema Kipimo. "Mzigo umezidi."

"Kuna kifungu cha punda," Nakijwa alisema polepole. Alikijua kitabu cha kanuni kwa moyo. Zamani walipokuwa wanapandisha nguzo za nyavu, waliruhusiwa kuingia na punda, na uzito wake haukuhesabiwa.

"Kinatembea chenyewe?" kikauliza Kipimo.

"Senkondo, unatembea mwenyewe?" Namsemba aliuliza.

"Mpaka sasa ndiyo, bibi."

Nakijwa akabonyeza. Kipimo kikakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, taa yake ya kijani ikipepesa. Kisha kikaanza kusoma upya vitu vyote, na Nakijwa akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika miaka kumi na mmoja ya kazi ile.

"Filimbi, saa tatu. Kamba, saa mbili."

Ilikuwa filimbi ile ile. Mwanzo haikuwa na thamani kwa sababu hakukuwa na wa kuisikia.

"Jumla, saa ishirini na sita. Inaruhusiwa."

Namsemba akapiga makofi. Lakini Kipimo kilikuwa hakijamaliza. "Kinachotembea chenyewe nacho kipimwe pamoja na mzigo wake," kikasema, na kumtaka Senkondo afunge mkanda. "Senkondo pamoja na Namsemba. Saa ishirini na moja. Hairuhusiwi."

Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mmoja wao. Saa tisa alizozipata bibi zilimtoka kijana kumi na saba, kwa kuwa Kipimo kilijua kwamba mtu hamwachi mwenzake chini ya mti akaenda zake, na hata kama angetaka, Senkondo hakuwa wa namna hiyo.

"Mimi nimekubali," alisema Senkondo.

"Mbazi naye alikubali," Nakijwa alijibu, kwa ukali aliouonea aibu papo hapo.

Walimwaga mikoba yote miwili mezani. Hawakuhitaji visu viwili wala viberiti viwili. Walitoa mablanketi madogo, wakaweka moja kubwa la watu wawili na turubai la kujikinga mvua. Uzito uliookolewa ukawa maji, karanga na sukari. Ishirini na mbili. Nakijwa akabadilisha tochi nzito kwa nyepesi, akaongeza kopo la pili la makande. Ishirini na tatu. Akatoa kibati cha chai.

"Rudisha," alisema Namsemba.

"Shangazi, ni sifuri."

"Wewe umesikia filimbi ilivyokuwa sifuri."

Akakirudisha. Ikabaki ishirini na tatu, na mezani hakikubaki cha kubadilisha. Ilipungua saa moja tu. Angeweza kufungua kwa mkono. Mpini wa geti ulikuwa pale pale, baridi na mwepesi. Senkondo alikuwa amegeuza macho ili asimwone akiamua, na Nakijwa alimpenda kwa hilo. Aliogopa. Aliogopa kama siku ile ya nane baada ya Mbazi kupotea, watafutaji waliporudi wamekunja kamba zao. Miaka yote alidhani kosa lake lilikuwa zile saa mbili zilizopungua. Sasa, akiitazama ile filimbi, aliona jingine: alimfungulia geti mdogo wake aende peke yake, wakati yeye alikuwa na miguu mizima na hana kazi nyingine asubuhi ile.

Akavua koti la kazi, akachukua mkanda wa tatu kwenye msumari na kujifunga kifuani.

"Una nini?"

"Nina shangazi," alisema. "Nina Senkondo."

Kipimo kikapepesa. "Namsemba, saa ishirini na tisa. Senkondo, ishirini na saba. Nakijwa, thelathini na moja. Inaruhusiwa."

Kwenye daftari la siku aliandika: Mpakiaji ameingia. Kisha akaweka sahihi, maana asingependa mtu mwingine aulizwe.

*

Msitu ulikuwa umebadilika katika miaka minane. Ukoga wa kijani kwenye mashina ya miti ulikuwa mnene kuliko alivyokumbuka, maji yalichuruzika kwenye kila jani, na nyavu za juu zilivuma taratibu kama mtu anayefikiri kwa sauti. Walikwenda mwendo wa magoti ya Namsemba. Kila walipopumzika aliwauliza kama wanamwonea huruma, na walipokana aliwaita waongo.

Mkulo waliufikia saa sita. Shina lake lingehitaji watu saba kulizunguka. Chini yake mbegu zilitapakaa, na Namsemba akaketi kwenye turubai na kuanza kazi. Anagonga, anasikiliza, anatupa. Anagonga, anasikiliza, anabakiza. Nakijwa alimwokotea, akasahau kuogopa kwa karibu saa nzima.

Ukungu ulishuka saa nane. Haukuja polepole; ulifunga kama mlango. Senkondo alikuwa ameteremka kidogo kwenye genge kufuata mbegu zilizobingirika, na walimsikia anasema "ziko nyingi huku," kisha wakasikia mawe, kisha hawakusikia chochote.

"Senkondo!"

Ukungu wa Shengena hula sauti ya mtu. Jibu halikuja. Picha iliyomjia Nakijwa haikuwa ya Senkondo. Ndipo ikalia filimbi, nyembamba, chini upande wa kushoto. Ikalia tena.

"Saa tatu hizo," alisema Namsemba, akiwa ameshasimama. "Lete kamba."

Walimkuta kwa kufuata filimbi, urefu wa nyumba chini yao, amekaa kwenye ukingo mwembamba, kifundo cha mguu kimevimba. Nakijwa hakuwa na nguvu za kumvuta peke yake. Shangazi Namsemba akajizungushia kamba kiunoni, akakaa nyuma ya mzizi wa mkulo, miguu kaikaza kwenye mzizi, akawa nanga.

"Nina kilo themanini na mbili," alimfokea Nakijwa, "na leo zimepata kazi. Vuta!"

Walivuta. Senkondo alipotokea juu, uso umejaa matope, alikuwa bado na filimbi mdomoni na mfuko wa mbegu umefungwa shingoni. Yule mwenye saa thelathini na nane. Nakijwa aliwaza Senkondo angekuwa peke yake na saa zake zote, akipuliza filimbi ya sifuri chini ya genge, akamkumbatia kwa nguvu hadi akalalamika.

Namsemba alifunga kifundo kwa kanga, akakikaza kwa fimbo mbili. Kisha akadai moto. Walijifunika blanketi wote watatu, wakachemsha maji kwenye kopo la makande, wakanywa chai wakisubiri ukungu upungue. Senkondo aliacha kutetemeka. Nakijwa alishika kopo la chai kwa mikono miwili na kuutazama mlima ambao alikuwa ameuchukia miaka minane, akaona kwamba hauchukii tena. Iliuma, lakini hauchukii.

*

Walirudi getini saa mbili usiku kwa mwanga wa tochi, Senkondo katikati, mkono mmoja kwa kila mwanamke. Kipimo kiliwasha taa yake.

"Una nini?"

Kanuni ilikuwa kila kilichoingia kihesabiwe kinapotoka. Senkondo alitaja mbegu: mia moja na arobaini na moja, zote zimegongwa. Namsemba aliporomoka kwenye benchi la nje na kopo la pili la makande.

"Nina njaa," alisema.

"Njaa. Mpakiaji, kinabebeka?"

"Hapana," Nakijwa alibonyeza, akicheka. Kisha akataja vyake. Kamba, imerudi. Blanketi, limerudi. "Nina shangazi," alisema, na taa ikawaka kijani. "Nina Senkondo." Kijani.

Wenzake walipokuwa wanajikausha, alifungua kwenye kioo cha Kipimo orodha ambayo hakuifungua kwa miaka minane. Mbazi. Kisu, hakijarudi. Chupa, haijarudi. Na mstari wa tatu, swali lile likiwa bado linapepesa: Haraka. Mpakiaji, kinabebeka?

Alilitazama mpaka maandishi yakaanza kucheza machoni. Akabonyeza hapana. Kupepesa kukakoma. Kisu na chupa aliviacha kama vilivyo. Vilikuwa vya Mbazi, na mlima ulikuwa bado unavitunza.

Kisha akaingia mahali pengine, sehemu ya maswali, ambako mpakiaji aliruhusiwa kurekebisha makosa ya lugha. Makosa ya lugha tu. Alifikiri kidogo kama hili ni kosa la lugha, akaona hajawahi kuona kosa la lugha kubwa kuliko hili. Alifuta herufi moja na kuandika nyingine.

"Badiliko la herufi moja," kikasema Kipimo. "Mpakiaji, unathibitisha?"

Akathibitisha. Kipimo kikapepesa, kikakohoa kwa spika yake mbovu, na kwa kuwa kilitakiwa kulijaribu kila swali jipya mara moja, kikaliuliza kwa sauti hadi nje:

"Una nani?"

"Nina Nakijwa," alijibu shangazi Namsemba kutoka kwenye benchi, mdomo umejaa makande.